Panya wa Darini

Jumapili, 23 Februari

Dada,

Shikamoo. Nilitaka kungoja barua yako kwanza, nimeshindwa. Nakuandikia nikiwa jikoni, mgongo nimeuegemeza ukutani, maana siku hizi sipendi kuwa na kitu nyuma yangu nisichokiona. Usicheke.

Joto limezidi. Bati linalia mchana kutwa, na lile tundu juu ya chumba cha marehemu mama limepanuka mpaka naliona anga. Mvua zikinikuta hivi nitalala nimefungua mwavuli. Nimeongea na fundi wa bati, yule anayebishana na misumari yake akiwa kazini, kasema anaweza kuja wiki ijayo.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kitu darini.

Kilianza baada ya wale watu wawili. Sikukuandikia habari zao, sikutaka kukutia wasiwasi. Walikuja mwishoni mwa Januari, mmoja kavaa kofia, mwingine ana sauti ya upole kama anabembeleza mtoto, wakamuulizia kaka, Mlingoti wetu. Nikawaambia ukweli: tangu apate kazi ya ulinzi kwenye lile ghala la mbali hajakanyaga hapa, wala hajaandika hata mstari. Wakasema ghala limeungua, mlinzi mwenzake amefia ndani, na wao wanamtafuta ili "wamsaidie". Wakaomba kutazama vyumbani. Nikawaonyesha vyote, mpaka uvungu wa kitanda na juu darini walichungulia. Yule mpole akanikazia macho, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu hajui kitu, twende." Wakaniachia anwani ya nyumba ya wageni ya njia panda, kwamba nikimwona niwaite.

Basi tangu hapo nasikia. Asubuhi nikipiga mswaki, kitu kinajiburuta juu yangu, polepole. Nikiacha kupiga mswaki nacho kinaacha. Hicho ndicho kinachonitisha, Dada. Panya nimewahi kuwasikia, hawana adabu ya kungoja mtu asikilize.

Nikirudi kutoka kwenye cherehani jioni, mkate umepungua, punje za wali zimetapakaa sakafuni, ndoo niliyoiacha imejaa imeshuka. Na Karani naye simwelewi. Paka yule aliyekuwa akinililia miguuni kama mdai sasa hata bakuli lake halinusi. Anapandia tundu la stoo, anakaa huko juu, anashuka tumbo limemjaa anajilamba ndevu.

Wewe ndiye mkubwa. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumapili, 2 Machi

Kitinda,

Marahaba. Barua yako imenikuta nachambua mchele wa bweni zima, nikaisomea hapo hapo kwenye ungo, wasichana wakaanza kulalamika kwamba wanakula mawe. Wamezoea kulalamika.

Ni panya. Nyumba ikikauka hivyo wanahamia darini, hata mama alipokuwa hai walikuwepo. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki.

Sikiliza vizuri. Fundi wa bati asije. Dari limeoza, akikanyaga vibaya ataanguka nalo na utamuuguza wewe. Nitakutafutia fundi mwingine mimi mwenyewe. Wewe pia usipande. Kitasa cha mlango wa stoo usikiguse, ni kibovu, utakimaliza. Redio iwashe asubuhi kabla hujatoka na uiache iimbe mpaka urudi, wezi wakisikia sauti hawaingii. Na unapopika, pika cha kutosha. Mtu anayeishi peke yake hujisahau, anakula chai na mkate mpaka anakonda. Pika maharage, pika wali, bakiza. Nyumba yenye sufuria tupu hainipendezi.

Wale wawili wakirudi, waambie hayo hayo uliyowaambia. Usiongeze, usipunguze. Umefanya vizuri kuliko unavyojua.

Acha kuogopa. Wewe hata kivuli cha nguo kwenye kamba kilikuwa kinakukimbiza.

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimekutii yote. Nimempangua fundi wa bati, akanuna, akasema familia yetu haieleweki. Redio inaimba kutwa, betri zimekwisha nimenunua nyingine. Ninapika kama nina wageni.

Lakini hofu haijaondoka, imebadili kiti tu.

Juzi mvua ya kwanza ilinyesha. Unajua ile inayoanza kwa upepo na vumbi halafu inamwagika yote kwa pamoja. Nikakimbia na karai kuliweka chini ya tundu la chumba cha mama, nikasimama pale nikingoja. Halikudondoka hata tone. Nikainua macho: tundu limezibwa. Limezibwa vizuri, kwa kipande cha bati na lami, na dari lililopasuka limevutwa likakutana. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Kisha nikajiambia, si Dada alisema atatafuta fundi wake? Basi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ila mwambie fundi wako hiyo si tabia, kuingia nyumba ya mtu akiwa kazini na kutoka bila hata kuacha salamu. Aliingilia wapi? Ufunguo ulimpa wewe?

Panya wako sasa wamenichosha. Wanakula bakuli zima, mchuzi na yote. Jana nilisikia hata kama kikohozi, nikatoka nje kumtazama jirani, sikumwona. Mama Duka ananicheka. Anasema nimewalea panya mpaka wamekuwa wapangaji. Ameagiza dawa ya panya, kali, inaingia na mzigo wa Ijumaa, na ameniwekea moja. Anasema ukiipaka kwenye mkate wananusa wanaruka, dawa yake ni kuichanganya kwenye chakula wanachokipenda. Wa kwangu wanapenda maharage. Nitawapikia maharage ambayo hawajawahi kuyaona.

Karani nitamfungia uani siku hiyo. Anachechemea kidogo, nadhani alijikata kwenye bati.

Ona, nimeshaanza kuwa jasiri. Utajivunia.

Kitinda


Jumapili, 16 Machi, asubuhi

Kitinda,

Usiweke hiyo dawa. Kama umeiweka, itoe sasa hivi, mwaga chakula chote, chimbia chini, osha bakuli kwa majivu, osha na mikono yako. Usimalize kusoma barua hii kwanza, nenda.

Dawa hiyo inaua paka. Inaua mtoto wa jirani akiingia. Hukufikiria hilo? Nilikuambia ni panya, sikukuambia uwaue.

Nimejaribu kupiga simu ya Mama Duka tangu alfajiri. Inalia kama upepo kisha inakatika. Wanasema nguzo zimelala njiani kote kwa ajili ya mvua. Barua hii nampa kondakta wa basi, nimemwapisha aifikishe mkononi mwako.

Dada


Jumapili, 16 Machi, mchana

Kitinda,

Basi halijaondoka. Wanasema maji yamepita juu ya daraja na dereva hataki kujaribu. Nimemwona mwenye lori la unga anayesema yeye atazungukia njia ya juu, ndiye nampa hii.

Ile ya asubuhi sikuandika ukweli. Niliogopa ikifunguliwa njiani. Sasa naogopa zaidi isipoandikwa.

Si panya. Ni Mlingoti.

Alikuja kwangu Januari, mlango wa nyuma wa jiko la bweni, mkono wa shati umeungua, hawezi kusimama wima. Ghala lilichomwa na wale wawili waliokuja kwako. Walitumwa na mwenye ghala. Kaka aliwaona wakimwaga petroli, hawakujua kwamba yupo uani, wala hawakujua kwamba mwenzake kalala ndani. Alijaribu kumtoa akashindwa. Walipomwona anakimbia wakajua ameona. Kituo cha polisi cha kule hakikufaa kukimbilia, mwenye ghala anakunywa nao chai.

Ulipowaonyesha nyumba, mimi nilikwishasikia kwa mtu wa soko. Nikafikiri, mahali walipokwisha kutazama hawatatazama tena. Nikampa ufunguo wangu wa mlango wa nje wa stoo, apandie tundu la huko mpaka darini. Nikamwambia ashuke ukiwa kazini tu, amwage punje ili uone panya.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu uso wako haujawahi kuficha kitu. Ukiwa mtoto ulikuwa ukiiba sukari unalia kabla hujaulizwa. Wangerudi, wangekutazama mara moja tu. Kutojua kwako ndiko kulikokuwa kunamlinda, na kukulinda wewe. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu.

Sikupiga hesabu ya maharage.

Toa chakula. Piga dari, mwite jina lake. Nakusihi, mama yangu.

Dada


Jumatatu, 17 Machi, jioni

Dada,

Nakuandikia kutoka kwa Mama Duka, nyuma ya magunia. Mwandiko wangu utausamehe.

Sijapata barua yako tangu ile ya mwanzoni mwa mwezi. Mvua hainyamazi, barabara ya soko imekuwa mto, watoto wanavua ndala za watu.

Niliweka dawa leo asubuhi kwenye maharage, nikayafunika kwa sahani, nikaenda kazini nikijisikia mtu mzima. Nimerudi bakuli limefutwa mpaka chini. Nikasema, haya, kwaherini. Nikaanza kukunja nguo zilizogoma kukauka.

Ndipo nikasikia. Dada, huko juu kuna mtu. Si panya, si paka. Alikuwa anatapika. Nilimsikia akivuta pumzi katikati, vile anavyovuta mtu, kisha akagonga kitu, kichwa au kiwiko, na akaguna. Nilisimama na shuka mkononi. Nikatoka kinyumenyume mpaka barabarani, nikakimbia peku kwenye tope.

Ina maana siku zote hizi. Nikioga. Nikiimba. Nikiongea na Karani mambo yangu ya kipumbavu. Mtu alikuwa amelala juu yangu anasikiliza. Na Karani simwoni tangu jana.

Mama Duka hathubutu kwenda. Anasema kesho kukipambazuka niende njia panda nikawaite wale wawili. Ni wanaume, ni wapole, walisema nikiona lolote niwaite. Wapande wao. Akiwa mwizi, wamshughulikie. Nimekubali. Sina mwingine.

Kitinda


Ijumaa, 21 Machi

Kitinda,

Barua yako ya Jumatatu imefika leo, imeloa, imekuja na mtu aliyevuka kwa kamba. Nimeisoma nimesimama nikakaa sakafuni.

Tarehe ya leo naijua. Najua Jumanne ilikwishapita. Lolote lililokuwa liwe limekuwa, na mimi hapa natia chumvi kwenye sufuria.

Nimekwenda mpaka mtoni. Daraja limekatika katikati. Nilisimama na wenzangu wa upande huu tunatazama maji yanapita na mlango wa mtu, na kuku juu yake. Nikataka kuingia. Mzee mmoja akanishika nguo.

Andika. Hata ikiwa neno moja. Hata ikiwa ni hilo.

Dada


Jumapili, 23 Machi

Dada,

Yu hai. Naanza na hilo maana nimeambiwa leo ulikuwa mtoni.

Barua zako mbili za Jumapili nimezipata Alhamisi, zote kwa pamoja, lori la unga lilikwama njia ya juu na basi likalikuta huko, kabla njia hiyo nayo haijafungwa. Hazikuokoa mtu. Nakuambia tu ili ujue.

Jumanne kulipopambazuka nilitoka kwa Mama Duka na ile karatasi ya anwani. Kwenda njia panda lazima upite nyumbani. Sikutaka hata kugeuza shingo, ila nilisikia Karani analia kibarazani. Mguu wake wa mbele umefungwa kitambaa. Umefungwa kwa uangalifu, fundo limewekwa pembeni lisimkere. Nikamnyanyua. Kitambaa ni cha mistari ya buluu, na ukingoni kuna tundu la kifungo ambalo uzi wake umekwenda upande. Dada, lile tundu nililishona mimi. Ni shati la kwanza nililowahi kumshonea mwanamume, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akalivaa siku anaondoka na kuniambia atalivaa mpaka lioze.

Niliingia ndani nikasema, "Kaka?" Nikasema tena, "Mlingoti, ni mimi." Ikagongwa juu, mara moja, hafifu.

Nilipanda kwenye meza, kiti juu ya meza. Amelala kati ya nguzo za paa, amekunjwa kama mita ya fundi, vile alivyo mrefu. Amekauka, macho mekundu, mwili mzima unamtetemeka, ametapika mpaka hana kitu. Akanitazama akasema, "Nilidhani umeyaunguza tu, kama kawaida yako."

Ananitania, Dada. Nimemlisha sumu na ananitania. Kisha akaniambia kwa mafungu mafungu ni nani wale wawili, na mimi karatasi yao bado ninayo kwenye kiganja.

Fundi wa bati ndiye aliyetuokoa. Nilikuwa nimempa ujumbe tena Jumamosi, nimechoka kumngoja fundi wako wa kimiujiza. Alifika na mkokoteni wake, akanikuta juu ya kiti nalia. Hakuuliza kitu ila, "Mzito?" Tukamshusha. Tukamlaza kwenye mkokoteni, turubai juu yake, na juu ya turubai mabati makuukuu matatu aliyokuwa nayo. Njia ya hospitali inapita njia panda, hakuna nyingine iliyokuwa haijafunikwa na maji.

Yule wa kofia alikuwa amejikinga mvua chini ya paa la kinyozi.

Akaniita. "Dada fundi! Mnahama?" Nikamwambia, "Kuhama wapi, paa limenikimbia, nalifuata." Akacheka. Akasogea. Gurudumu likazama kwenye tope hapo hapo mbele yake, kana kwamba limelipwa. Na kaka akaguna. Nilimsikia mimi, naapa alimsikia na yeye, maana alisimama. Fundi wa bati akaanza kuyatukana mabati, "Unaguna nini, kutu mkubwa wewe, nitakuuza kwa vyuma chakavu," huku anayapiga kwa kofi yalie. Ndivyo alivyo siku zote na kila mtu mtaani anamjua. Yule mtu akatikisa kichwa, akavua koti lake, akatusaidia kusukuma.

Alisukuma, Dada. Mkono wake ulikuwa hapa, na mguu wa kaka ulikuwa hapa, katikati ni turubai. Akaniuliza, "Hujamwona kaka yako?" Nikamtazama machoni. Nikasema, "Nikimwona mtakuwa wa kwanza kujua. Nami namdai maelezo." Akaniamini. Akasema pole kwa paa.

Hospitali walimsafisha tumbo, wakamtundikia maji. Daktari anasema kutapika ndiko kulikomwokoa. Kwa kuwa ni sumu ilibidi polisi waitwe, akaja sajini mmoja mwanamke wa kituo cha hapa, akauliza, "Nani alimpa?" Nikasema, "Mimi." Nilikwishanyoosha mikono anifunge. Kaka akasema kwa ile sauti iliyokwaruzika, "Nilijilia mwenyewe. Kaa, nikuambie nilivyofika darini." Akamweleza yote. Sajini aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaomba ya muuguzi.

Wamemkamata yule mpole, kwenye nyumba ya wageni, anakunywa chai. Wa kofia hakuwepo. Hajaonekana mpaka leo. Mlangoni kwa kaka amekaa askari mmoja ambaye analala sana.

Nakuandikia hapa kwenye benchi la korido. Kila mwenye kofia akipita nasimama.

Kitinda


Jumapili, 30 Machi

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wasichana wakadhani nimeungua.

Sijui nianzie wapi. Nilitaka kuwabeba nyote wawili bila yeyote wenu kuhisi uzito. Nilikuwa naamka kila siku na hofu, naigeuza kuwa maagizo: fanya hivi, usifanye vile. Ulipoandika kwamba tundu limezibwa nilicheka na kulia, nikajua amechoka kukaa bure, ameona mdogo wake atalowa. Ningekuambia siku ile. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikasema, wiki moja zaidi.

Tafadhali niambie anakulaje, analalaje, na wewe unalala wapi. Usirudi nyumbani peke yako mpaka yule mwingine apatikane. Funga madirisha ya nyuma. Kitasa cha stoo kibadilishwe haraka.

Nisamehe.

Dada yako


Jumapili, 13 Aprili

Dada,

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na sijafundishwa kumtukana mkubwa.

Kaka ametoka hospitali. Sajini amemhamishia mahali ambapo hata mimi sikuambiwa, mpaka siku ya kesi. Safari hii niliomba mwenyewe nisiambiwe. Mikono bado inamtetemeka, kijiko kinagonga meno. Daktari anasema huenda ikaacha, huenda isiache. Aliponiaga alinishika kichwa kama zamani, nikahisi ule mtetemo mpaka kwenye taya langu.

Mvua kubwa zimepungua. Sasa ni manyunyu na baridi ya asubuhi, ile inayofanya cherehani iwe nzito. Fundi wa bati amemaliza paa, amebadili na kitasa. Nyumba haivuji popote. Nimerudi kulala chumba changu, Karani miguuni. Yule wa kofia hajapatikana. Mama Duka anasema amekwishavuka mpaka. Mimi nikisikia mtu anasukuma kitu chenye gurudumu nakwenda kuchungulia.

Unasema uso wangu haujui kuficha. Nimemdanganya mtu aliyemchoma binadamu mwenzake, barabarani, mchana, mkono wake umegusa wangu, na uso wangu haukusogea. Ungeniambia Februari ningeweza. Hukunipa nafasi ya kujaribu. Uliniandikia "ni panya," ukaniacha nijifunze kuua.

Nami sisahau kwamba ulifanya hivyo kwa kutupenda. Ndiyo maana inauma vibaya. Ungekuwa mtu mbaya ningekwishalala usingizi wangu.

Usiniandikie tena. Kwenye karatasi unajua kupanga, unajua kipi kitangulie na kipi kifichwe. Barua yako ijayo sitaifungua. Kama una la kusema, njoo uliseme nikiwa nakutazama.

Kitinda


Jumatano, 23 Aprili

Kitinda,

Najua ulisema hutafungua. Nimemwomba kondakta akusomee hapo mlangoni, kwa hiyo usimlaumu, nimemlipa soda.

Daraja limetengenezwa kwa mbao, linayumba lakini linapitika. Nimemwachia jiko msaidizi wangu, wasichana watajua sasa mawe ni nini.

Nimekuja na basi hili hili lililoleta barua. Nimeshindwa kugonga mlango wa nyumba niliyozaliwa. Tangu Januari nimeogopa mambo mengi, watu, moto, maji, sumu, na yote nimeyaogopa nikiwa nimesimama wima. Hili la kukutazama usoni limenikalisha kwenye mfuko wangu wa nguo, ng'ambo ya barabara, karibu na nguzo. Kondakta akimaliza kusoma inua macho utaniona.

Ukifunga mlango sitakwenda kokote. Nitakaa hapa hapa mpaka ufungue, kisha nitaanza mwanzo, tangu kaka alipobisha mlango wangu wa nyuma, na sitaruka neno.

Dada